Rudisheni Jembe la Cucu

Wahenga walinena kuwa penye wazee haliharibiki neno. Nami nawaunga mkono mia fil mia. Lakini kwetu nyumbani neno liliharibika mzee akiwepo, na waliloliharibu ni sisi tulio na miguu yenye nguvu. Tena tuliliharibu huku tukijisifu kwamba tunatenda wema. Ndugu msomaji, nakuomba unisikilize mpaka mwisho, kwa maana huenda hata wewe unatenda kosa hilo hilo wakati huu na hujui.

Cucu wangu anaishi Tetu, upande ule wa Nyeri unaopanda kuelekea msitu wa Nyandarua. Mimi ni kifungua mimba wa baba yangu, na kwa desturi yetu nilipewa jina la marehemu guka. Kwa hivyo cucu huniita "mume wangu". Nikiwa mdogo nilikuwa nikiona haya wenzangu wanaposikia, lakini siku hizi naona fahari. Basi huyu "mke wangu" alikuwa mtu wa kazi. Alfajiri alikata nyasi za ng'ombe, kisha akashuka bondeni na kiondo chake kuchuma majani chai, jioni akapanda na mzigo wa kuni mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso. Aliyewahi kufika Tetu anajua hakuna mahali tambarare huko. Ukitoka nje ya nyumba ama unapanda ama unashuka.

Krismasi ya mwaka 2022 familia yote ilikutana. Wakati huo cucu alikuwa na miaka 76. Baada ya kula, baba na ndugu zake wakafanya kikao. Shangazi akasema ni aibu mama yao kuonekana na jembe ilhali ana watoto wanaofanya kazi Nairobi, Nanyuki na Karatina. Wote wakakubali. Ng'ombe akauzwa. Majani chai yakakodishwa kwa jirani. Mfereji wa maji ukaletwa mpaka mlangoni. Akatafutwa msichana wa kazi. Kukanunuliwa kochi kubwa na televisheni. Baba akasimama akasema, "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Sasa keti ule matunda ya jasho lako." Tukapiga makofi. Na jembe je? Jembe, mimi ndiye niliyetumwa kulificha. Nililipandisha darini kwenye ghala, nikalifunika na magunia.

Cucu hakubishana na watoto wake. Alinitazama tu mimi, akaniuliza, "Mume wangu, sasa mikono hii niipeleke wapi?" Tukacheka sote. Mimi nilicheka kuliko wengine.

Likizo ya Aprili mwaka 2024 nilipomtembelea, niliona jambo ambalo sikulitilia maanani. Alipotaka kuinuka kwenye kochi alishika pande zote mbili kwa mikono, akajisukuma mara ya kwanza akashindwa, mara ya pili akashindwa, mara ya tatu akasimama. Kanisani alikokuwa akienda kwa miguu, sasa alipelekwa na boda boda. Nikajiambia, "Ni uzee huo." Agosti mwaka huo huo akajikwaa kizingiti akaanguka. Alhamdulillahi, hakuvunjika mfupa. Lakini kwa maumivu na kwa hofu akalala kitandani wiki mbili, na alipotaka kuamka miguu ikakataa kabisa. Ilibidi ainuliwe na watu wawili kama mtoto.

Akapelekwa hospitalini mjini Nyeri. Akapigwa picha, damu ikapimwa. Mwishowe tukatumwa kwa daktari wa mazoezi ya viungo. Huyo bwana aliuliza swali moja tu. "Huyu mama alikuwa akifanya kazi gani, na aliacha lini?" Baba akajibu kwa fahari kuwa tangu Krismasi ya 2022 hajaguswa na kazi yoyote. Daktari akatikisa kichwa. Akasema, "Basi mimi sioni ugonjwa mpya hapa. Mama huyu amekalishwa."

Neno hilo "amekalishwa" lilinichoma moyo. Niliporudi shuleni nilianza kutafuta na kusoma, nikawasumbua walimu wetu wa biolojia mpaka wakanichoka. Niliyoyapata ndiyo haya.

Mwili wa mwanadamu hujenga misuli kuanzia utotoni hadi ujanani. Kufikia miaka 30 hivi, kilele kimefikiwa. Kuanzia hapo mteremko unaanza. Wataalamu wanakadiria kuwa mtu asiyejishughulisha hupoteza asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake kila baada ya miaka 10, na akishapita miaka 60 kasi huongezeka. Nguvu nazo hupungua upesi kuliko hata nyama yenyewe. Mwaka 1988 mwanasayansi mmoja wa Marekani, Irwin Rosenberg, alipendekeza hali hii ipewe jina ili madaktari waichukulie kwa uzito. Akatumia maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyama na upungufu, likapatikana jina sakopenia. Hebu fikiri! Wazee wamekuwa wakidhoofika tangu dunia iumbwe, lakini hali yenyewe imepata jina juzi juzi tu. Marekani iliiweka kwenye orodha yake ya magonjwa yenye namba mwaka 2016.

Inakuwaje misuli ipungue? Msuli umefanywa kwa nyuzi nyembamba nyingi sana, na kila kundi la nyuzi huamrishwa na neva yake inayotoka kwenye uti wa mgongo. Kadiri miaka inavyosonga, baadhi ya neva hizo hufa. Nyuzi zilizoachwa yatima huchukuliwa na neva jirani, na zisizobahatika hunyauka. Zinazotangulia kuathirika ni nyuzi za kasi, zile zinazotusaidia kuruka, kuinuka ghafla na kujizuia tunapojikwaa. Ndiyo maana mzee anaweza kutembea polepole vizuri tu, lakini akiteleza hawezi kujishika. Wewe ukijikwaa unapiga hatua moja ya haraka, unasimama. Yeye hatua hiyo haipo tena. Juu ya hayo, homoni zinazojenga mwili hupungua, na chakula cha protini hakijengi misuli upesi kama zamani.

Hayo yote ni ya uzee, na uzee hatuwezi kuuzuia. Lakini kuna sababu nyingine ambayo si ya Mungu, ni yetu sisi. Msuli usiotumika huondolewa. Mwili ni kama mwenye duka mwangalifu, haulishi mfanyakazi asiyekuja kazini. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliandika habari za wazee wenye afya njema, wenye umri wa wastani wa miaka 67, waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Siku 10 tu! Walipopimwa, walikuwa wamepoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Sasa wewe piga hesabu ya cucu wangu. Mwaka mmoja na nusu kwenye kochi, kisha wiki mbili kitandani. Tulidhani tunamnunulia raha.

Hapo utaniuliza, "Je, kikishaharibika hakitengenezeki?" Mimi pia niliuliza hivyo hivyo, nikiwa na hofu ya jibu. Ndugu msomaji, jibu ni jema. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake wa mjini Boston walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wengi walidhani ni wazimu. Walichukua wakongwe 10 wa makao ya wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Si wazee wa kutembea na kifimbo cha urembo, la, wadhaifu hasa, wenye maradhi yao. Wakawafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8, mzigo ukiongezwa kadiri nguvu zilivyopanda. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Maana yake mtu aliyekuwa akiinua kilo 8 aliishia kuinua zaidi ya kilo 20. Wawili waliacha bakora zao. Mwaka 1994 watu hao hao wakarudia kwa wazee 100, na kwa wiki 10 nguvu zikapanda kwa zaidi ya maradufu. Lakini kulikuwa na onyo pia. Wale wa kwanza walipoacha mazoezi, sehemu kubwa ya nguvu ilianza kupotea ndani ya wiki 4 tu. Kwa hivyo dawa hii haimezwi mara moja ikaisha. Ni kama chakula, lazima iwe ya kila wiki.

Sasa nije nyumbani kwetu. Je, hapa chini ya Mlima Kenya tunahitaji kwenda Boston kujifunza kuinua uzito? Mwaka 1986 jarida mashuhuri la kisayansi liitwalo Nature lilitoa makala ya mwanasayansi wa Kenya, G. M. O. Maloiy, na wenzake wa ng'ambo. Walikuwa wamewapima wanawake wa Kiluo wanaobeba mizigo kichwani na wanawake wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa paji la uso. Waligundua kwamba wanawake hawa waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya zile walizotumia wakitembea mikono mitupu. Wazungu walioshiriki utafiti kama huo hawakuweza. Wataalamu walistaajabu. Bibi zetu hawakustaajabu, wao walikuwa wanapeleka kuni nyumbani.

Ngoja kwanza, usije ukanielewa vibaya. Najua mwenzangu mmoja katika chama chetu atasimama aseme, "Kumbe wewe unataka tuwatwike ajuza magunia ya viazi!" La hasha. Mkanda ule umewaachia wanawake wengi alama ya shimo kwenye paji la uso na maumivu ya shingo na mgongo. Mzigo ule haukuwa mchezo wala mazoezi, ulikuwa dhiki. Mwanamke aliyechota maji mtoni alfajiri, akalima mchana, akapika usiku, hakuchagua. Shangazi yangu aliyasema yale ya aibu kwa sababu alikua akimwona mama yake akiteseka, naye aliapa kwamba siku atakayopata pesa mateso hayo yatakoma. Siwezi kumlaumu kwa hilo. Na kuna wazee wengi hapa Nyeri ambao bado wanalima kwa kukosa mtu wa kuwasaidia, si kwa kupenda. Hao wanahitaji msaada, si hotuba yangu.

Ninachosema ni kwamba tulichanganya mambo mawili. Tuliuondoa mzigo, na huo ulistahili kuondolewa. Lakini pamoja na mzigo tukaondoa mwendo, tukaondoa kuinama na kuinuka, tukaondoa kupanda na kushuka. Tukaondoa na kazi yenyewe iliyomfanya mtu aamke akijua leo kuna jambo linamngoja. Tulimwaga maji machafu pamoja na beseni. Cucu angeweza kuachiwa kitalu kidogo cha sukuma wiki, kuku sita na jembe jepesi. Hakuna aliyemwuliza. Sisi tuliamua, yeye akakalishwa.

Na sheria ya nchi yetu inasemaje? Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima, na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia zao na Serikali. Sisi tulikazania lile la mwisho, matunzo, tukasahau yaliyotangulia. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 2.7 waliofikisha miaka 60 na zaidi. Hao si wachache. Wakikalishwa wote, nani atawainua?

Basi kifanyike nini? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwamba watu wazima, wazee wakiwemo, wapate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, kama vile kutembea kwa haraka kidogo. Linaongeza mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi kwa wiki. Kwa wenye miaka 65 na kuendelea, linapendekeza pia mazoezi ya kusimama imara bila kuyumba, siku 3 au zaidi kwa wiki. Watu wengi huishika ile ya kwanza tu. Wanasema, "Mzee wetu hutembea, inatosha." Kutembea ni kuzuri sana kwa moyo na mapafu, lakini peke yake hakurudishi misuli iliyokwenda. Msuli hukua ukisukumwa dhidi ya kitu kizito kuliko ulivyozoea.

Wala hakuna haja ya kununua mashine. Daktari yule alimpa cucu mambo manne, nayo nayaandika hapa jinsi nilivyoyaona.

La kwanza, kiti. Kiti kigumu cha mbao, kimeegemezwa ukutani kisiteleze. Mzee anaketi na kusimama bila kujisukuma kwa mikono, mara 5, anapumzika, kisha mara 5 tena. Asiyeweza aanze kwa kushika meza, au kiti kiinuliwe kwa mto. La pili, ukuta. Anausukuma kwa mikono miwili kama anayesukuma gari lililokwama matopeni, akienda mbele na kurudi. La tatu, visigino. Anashika meza, anasimama kwa ncha za vidole, anashuka polepole. La nne, mguu mmoja. Anashika meza vile vile, anainua mguu mmoja kwa sekunde chache, kisha mwingine, na mtu amesimama karibu. Yakishakuwa rahisi yanaongezwa, kwa mfano kushika mkononi chupa ya lita moja iliyojaa maji. Mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu au baridi yabisi apitie kwa daktari kwanza, na anayesikia kifua kumbana au kizunguzungu aache mara moja.

Kiti hicho hicho ni kipimo pia. Mwambie mzee wako akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara 5 kwa haraka awezavyo, nawe uhesabu sekunde. Wataalamu wa Ulaya walikubaliana mwaka 2018 kwamba anayechukua zaidi ya sekunde 15, au asiyeweza kabisa, ana dalili za kuishiwa na nguvu za misuli. Hakuna sindano wala malipo. Mtoto wa darasa la nne anaweza kupima.

Kisha kuna sahani. Ukichunguza wazee wengi utakuta wanaishi kwa chai na mkate, kesho chai na viazi vitamu. Meno hayapo, githeri ni gumu, nyama ni ghali, na hamu ya kula imepungua. Msuli nao haujengwi kwa chai. Wataalamu wengi wanashauri mzee apate angalau gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kila siku, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye lazima amwulize daktari. Lakini protini si lazima itoke buchani. Maharagwe yakichemshwa yakapondwa, njahi ambayo huwapikia wazazi ikiwa laini, yai moja asubuhi, kikombe cha maziwa, omena zilizosagwa kwenye mchuzi, hayo yote yanapatikana katika soko la Karatina au hapa mjini. Tunampikia njahi mama aliyejifungua kwa sababu twajua mwili wake unajengwa upya. Mbona hatumpikii mama yake?

Sasa nigeukie upande wetu sisi wanafunzi, kwa sababu najua wengine mmeshaanza kupiga miayo mkisema haya ni ya wazee. Si ya wazee peke yao. Nimetangulia kusema kwamba kilele cha misuli ni kufikia miaka 30 hivi. Maana yake sisi tuko katika miaka ya kuweka akiba. Anayefika kileleni akiwa na misuli mingi, atateremka kutoka mahali pa juu. Anayefika na michache, mteremko utamkuta karibu na shimo. Akiba haiozi, wahenga walisema. Lakini sisi tunaiweka wapi? Kipindi cha elimu ya viungo katika shule nyingi ni kipindi cha jina tu. Kimo kwenye ratiba, lakini mwalimu wa hesabu akikichukua hakuna anayelalamika, hasa sisi wenyewe tulio karibu na mtihani. Jumamosi uwanja uko wazi, sisi tuko bwenini. Nyumbani, mwendo wa dakika kumi tunaita boda boda. Nyanya zetu wamekalishwa na sisi. Sisi nani ametukalisha?

Tena si kwamba tumekosa wa kuwaiga. Catherine Ndereba ni mzaliwa wa Nyeri hii hii, wa Gatung'ang'a. Alishinda mbio za Boston mara 4, akaweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Chicago mwaka 2001 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, akawa bingwa wa dunia mwaka 2003 na 2007. Mwaka 2008 kule Beijing, akiwa na miaka 36, alitwaa nishani ya fedha ya Olimpiki. Na aliyemshinda siku hiyo, Constantina Tomescu wa Romania, alikuwa na miaka 38. Wanawake wawili ambao mwilini mwao, kwa hesabu za vitabu, mteremko ulikuwa umeshaanza, waliwaacha wasichana wa miaka ishirini na ushei nyuma. Hii yaonyesha kwamba mteremko upo, lakini mwendo wa kuuteremka si mmoja kwa watu wote. Sote hatuwezi kuwa akina Ndereba. Lakini kila mmoja wetu anaweza kupanda kilima cha Nyeri kwa miguu yake, si ndiyo?

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa walimu wetu wapendwa, kwa heshima na taadhima. Kipindi cha viungo kirudishwe kwa viungo. Mkitunyima dakika arubaini hizo mnatuongezea alama mbili za hesabu leo, na mnatupunguzia miguu ya uzeeni. La pili ni kwa wanachama wenzangu. Likizo ijayo, kila mmoja akifika kwao achukue kiti cha mbao, ampime cucu na guka kwa ile njia ya mara 5. Atakayepita sekunde 15, kaeni naye mkafanye mazoezi pamoja kila asubuhi mpaka shule zifunguliwe. Msimwamrishe. Fanyeni naye. Mimi nilipomwambia cucu asimame na kuketi peke yake alisema ni upuuzi. Nilipoleta kiti changu kando ya chake tukaanza kushindana, hakutaka kuacha.

Najua mnataka kujua ameishia wapi. Sitawadanganya kwamba alirudi kuwa kijana. Ilichukua majuma sita kabla ya kusimama bila kushikwa. Kufikia Desemba 2024 alikuwa akienda kanisani kwa miguu, akipumzika njiani mara mbili. Bondeni kwenye majani chai hajashuka tena, na nadhani hatashuka. Kuna nguvu tuliyompotezea ambayo haikurudi, na hilo nitakuwa nalo moyoni. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, na uzee nao ukisukumwa haraka haurudi ulikotoka.

Lakini siku moja katika likizo hiyo, tukiwa tumemaliza zamu yetu ya viti, alinyamaza kidogo kisha akaniambia, "Mume wangu, lile jembe langu uliliweka wapi?" Nilipanda ghalani, nikaondoa magunia, nikalishusha. Mpini ulikuwa umeliwa na mchwa. Nilimtafutia mpini mwingine, mfupi na mwepesi. Sasa ana kitalu cha sukuma wiki nyuma ya jikoni, hatua kumi kwa hatua sita hivi. Shangazi alipokuja akakiona, alitaka kusema neno, kisha akaenda akachukua upanga akamsaidia kukata nyasi za ukingoni.

Wewe uliyeficha jembe la mzee wenu, likizo hii panda ghalani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni hayo tu.